Télesphore Hakuhesabu Kofia

Watu wa mtaa wetu wa Cimpunda walimwita Bwana Mavi. Mimi sikumwita hivyo hata siku moja, na watoto wangu niliwakataza. Jina lake lilikuwa Télesphore, fundi mwashi, mzaliwa wa upande wa Bunyakiri, na kwa karibu miaka thelathini alijua siri za nyumba yetu kuliko padri aliyetuungamisha. Alizikwa bila mtu kusema neno la maana juu ya kazi yake. Hilo peke yake lingetosha kunifanya niandike. Lakini pia wapo, hadi leo, wanaosema kwamba mume wangu Adalbert alizika mtu katika fosi, shimo la choo la nyumba yetu, ili apendwe na Wazungu. Hakuna aliyezikwa humo. Mimi Emérence, mjane wake, niliyesoma kwa masista na kufundisha darasani miaka kumi na tisa, nasema hivyo, na nitaeleza mambo yalivyokuwa, hata pale yanapotuaibisha. Aibu ya kweli naijua ukubwa wake. Aibu ya uongo haina mwisho.

Mwaka 1955 Adalbert alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini. Aliandika barua kuomba karti ya imatrikilasyo. Wajukuu wangu hawaijui: mtu mweusi aliyepewa karti hiyo alihesabiwa mbele ya sheria karibu sawa na Mzungu. Kabla ya kuitoa, watu wa komisyoni, yaani tume ya serikali, walikuja kutazama unavyoishi. Walifungua kabati. Walitazama kama kuna uma na visu, kama shuka zimepigwa pasi, kama mke anakaa mezani pamoja na mumewe. Kisha walikwenda chooni. Rafiki mmoja wa Adalbert alinyimwa karti, na aliamini mpaka anakufa kwamba ni choo kilichomnyima.

Kiwanja chetu kilikuwa kwenye mteremko, udongo mwekundu unaoteleza mvua ikinyesha. Chini yake migomba, na chini ya migomba chemchemi ambapo wanawake wa mtaa walichota maji. Maji safi ya bomba tulikuwa tumeyapata. Mifereji ya maji machafu ya mji ilikuwa ya mitaa ya Wazungu. Kwetu haikufika wala haikufikiriwa. Kwa hiyo Adalbert alimwita Télesphore, aliyejifunza kazi hiyo kwenye nyumba za kando ya ziwa.

Alikuja mtu mrefu, mkimya, mwenye mwanzi begani kama mchungaji. Alizunguka kiwanja mara mbili, akapiga udongo kwa kisigino, akashuka mpaka chemchemi, akapanda tena.

"Papa Adalbert," akasema, "shimo ya kawaida ni rahisi. Lakini huu mulima uko na maji ndani. Utachimba, mvua itakuya, na vitu yako itashuka kule chini. Bamama ba Cimpunda batakunywa weye."

"Na ndoo?" Adalbert akauliza. "Kuna watu wanatumia ndoo, inabebwa asubuhi."

"Nani atabeba? Weye na hiyo cravate yako ya shingo?"

Nilicheka. Adalbert hakucheka. Akataka fosi, ile ya simenti, ya vyumba viwili, kama za Wazungu. Télesphore akachuchumaa akachora chini kwa kidole. Chumba cha kwanza, kila kitu kinashuka na kulala. Cha pili, maji yanatulia na kuwa mepesi. Kutoka hapo yanakwenda kwenye shimo la tatu lililojaa mawe, upande wa mbali na chemchemi, ambalo wajenzi waliliita *puits perdu*, yaani kisima kilichopotea.

"Maji inaingia mule, na hakuna mutu ataiona tena," akasema. "Lakini musikie vizuri. Fosi haiko kaburi. Iko tumbo. Inakula. Na kila tumbo iko na kipimo yake. Muko bangapi mu nyumba?"

"Tuko watano," Adalbert akajibu. "Mimi, madame, na watoto watatu."

Tulikuwa sita.

Wa sita alikuwa Cibalonza, mama yake Adalbert. Alitoka kijijini Mumosho baada ya kufiwa na mumewe, na kwa miaka minne alikuwa amelala katika chumba kidogo nyuma ya jikoni. Alivuta kiko. Hakubatizwa. Mkononi alivaa shanga za Lyangombe, mzimu mkuu wa wazee wetu, ambazo padri alikuwa amesema wazi kanisani kwamba ni za shetani. Alilima bustani yetu, maharage na mateke, yaani magimbi, bila kuambiwa na mtu, na alimlea Valérie, binti yetu mdogo, mgongoni. Fomu ya komisyoni iliuliza nani anakaa ndani ya nyumba. Tulikaa mezani mimi na Adalbert, tukatazamana, na ni mimi niliyesema: "Andika watano. Tutasema mama ni mfanyakazi wa bustani." Adalbert akashika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika.

Tulipomweleza mwenyewe, Cibalonza alicheka mpaka kiko kikazimika. "Basi niko boyi wa mutoto wangu! Munilipe vizuri." Alicheka, lakini kuanzia siku hiyo hakuingia tena sebuleni.

Télesphore, siku ile alipouliza tuko wangapi, hakuandika chochote. Alitazama kibao cha vyombo nje ya jikoni, ambapo vikombe vilikuwa vimeinamishwa vikauke. Vitano vya enameli, na kibuyu kimoja.

"Na ile kibuyu?"

"Cha mgeni," nikasema.

"Mugeni iko nakunywa kila siku?" Hakungoja jibu. "Muzuri. Nitajenga ya batano."

Alijenga wiki sita. Siku ya kuweka kifuniko alituomba sote tusimame karibu, na hapo ndipo nilipojua desturi yake. Kabla ya kufunika fosi yoyote, aliita ndani ya mdomo wa shimo majina ya wote walio ndani ya nyumba, mmoja mmoja, akingoja kila jina lirudi. Adalbert aliona ni ushenzi, lakini Télesphore alisema hatafunika bila kuita, na akaeleza kwa nini, kwa sauti ya mtu anayeeleza kipimo cha simenti.

Alikuwa na mdogo wake, Gaston. Walifanya kazi pamoja kwa mjenzi mmoja wa Kizungu, kando ya ziwa. Siku moja wanaume wanne waliingia katika fosi kuukuu kuitengeneza, wakaacha kofia zao juu ya ukuta. Mvua kubwa ikaja. Watu wakatoka mbio. Msimamizi, kwa mbali katika mvua, akahesabu kofia nne ukutani, akadhani ni watu waliojikinga pale, akasema wote wametoka, funikeni. Télesphore mwenyewe alishika upande mmoja wa kifuniko. Hewa ya mle ndani ilikuwa imemlaza Gaston bila sauti. Walimkuta asubuhi.

"Tulihesabu kofia," akasema. "Hatukuhesabu vichwa."

Akapiga magoti, akaita: Adalbert. Emérence. Firmin. Martine. Valérie. Kila jina lilirudi kutoka chini likiwa zito zaidi, kana kwamba mtu mzima alikuwa akilirudia polepole ili asilisahau. Baada ya jina la tano aliacha kuita. Kutoka bustanini tulisikia jembe la Cibalonza likipiga udongo, to, to, to. Na kutoka ndani ya fosi, jembe lilirudi vilevile.

Télesphore akanitazama mimi, si Adalbert. Kisha akafunika.

Komisyoni ilikuja Oktoba: mabwana wawili na padri mmoja wa Kizungu aliyejua Kiswahili. Walitazama uma. Walitazama vitabu. Waliingia chooni, wakavuta mnyororo, wakasikiliza maji yakiondoka, wakatoka wanatabasamu. Padri alimwona Cibalonza kati ya mateke akauliza ni nani. "Ni mwanamke wa bustani," Adalbert akasema. Mama yake alishika jembe kwa mikono miwili akainama mbele yao, kama wafanyakazi wanavyoinama. Nilikuwa nimesimama kwenye veranda na sinia la chai. Nalikumbuka sinia hilo.

Walisema nyumba ni nzuri. Walisema watarudi baada ya mwaka mmoja na kidogo, waone kama tunaendelea hivyo hivyo.

Cibalonza alikufa Julai iliyofuata, wakati wa vumbi, akiwa ameketi. Kwetu, mtu wa nyumba akifa, watu wanakaa kilio, wanakuja wa ukoo, mtoto wake ananyoa kichwa, na jembe haligusi udongo mpaka kilio kiishe. Sisi hatukufanya hata kimoja. Tungelia nani mbele ya majirani waliokwisha kusikia kwamba yule ni mfanyakazi? Adalbert alipata gari, akampeleka Mumosho Jumamosi, akamzika kwa haraka na wajomba wawili, na Jumatatu alikuwa ofisini na nywele zake kichwani. Mimi nilifanya jambo baya zaidi. Bustani ilikuwa nusu tu imelimwa, na niliogopa watu waulize kwa nini kazi imesimama. Siku ya pili baada ya kifo nilichukua jembe lake, nikamalizia tuta.

Lilianza mwezi wa Agosti, na halikuanza gizani, kama mambo haya yanavyosimuliwa. Lilianza saa sita ya mchana, jua likiwa kichwani, Adalbert kazini, watoto wawili wakubwa shule. Nilikuwa napiga pasi. Nikasikia to, to, to. Nikadhani ni jirani. Nikatoka nje: hakuna aliyekuwa akilima mlima mzima, na sauti haikuwa nje. Ilitoka chini ya sakafu ya choo. Nilipoingia, maji ya ndani ya bakuli yalikuwa yakitetemeka, duara baada ya duara, na kila pigo lilipokuja yalipanda kidogo, yakashuka kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala.

Siku ya tatu ilikuja harufu. Ningeelewa kama ingekuwa harufu ya choo. Ilikuwa tumbaku ya kiko.

Valérie, aliyekuwa na miaka mitano na aliyemwita bibi yake koko, alitoka chooni akaniambia bila woga wowote, "Mama, koko iko nakohoa mule chini."

"Koko amekwenda Mumosho."

"Hapana. Iko chini. Iko nalima."

Nilimpiga kofi. Sikuwa nimempiga mtoto yule kabla.

Sikumwambia Adalbert. Nilijiambia ni uchafu, na uchafu nilifundishwa namna ya kuupiga vita. Nilinunua Krezili, ile dawa nyeusi inayogeuka maziwa ndani ya maji, nikamwaga kikombe kimoja kila asubuhi. Sauti haikukoma. Nikamwaga viwili. Nikamwaga vitatu. Choo chetu kilinuka kama hospitali, na chini ya harufu ya hospitali, saa sita ya mchana, tumbaku. Kufikia Septemba maji hayakushuka tena vizuri, na hewa mbaya ya kweli ikapanda mpaka mezani. Hapo Adalbert mwenyewe akasema mwite Télesphore.

Alikuja na mwanzi wake. Sasa niliuona vizuri: ulikuwa umekatwa alama kwa kisu, kutoka chini kwenda juu, alama moja kwa kila mtu kwa kila mwaka. Alifungua kifuniko, akateremsha kwanza taa iliyowashwa, kwa kamba, kwa sababu mahali taa inapozimika mtu hainamishi kichwa. Taa haikuzimika. Lakini mwali uliinama upande wa nyumba na kubaki umeinama, ingawa hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Télesphore aliutazama kwa muda. Kisha akafunga kitambaa cheupe kwenye mwanzi, akauzamisha polepole mpaka chini, akangoja, akautoa. Maji yaliacha kitambaa kikiwa na rangi ya chai. Tope liliacha weusi, na weusi ulifika alama ya sita.

"Hii ni tope ya batu sita," akasema.

"Tuko watano," Adalbert akasema.

"Papa, mimi sihesabu kofia."

Akanusa kitambaa. Uso wake ukabadilika. "Nani anatia Krezili?"

"Mimi," nikasema. "Kila siku. Kwa usafi."

"Madame, umeiua!" Alisema kama mtu aliyekuta ng'ombe wake amechinjwa. "Mule ndani kuko tududu tudogo, macho haione. Tududu ndiyo tunakula ile tope. Ndiyo tunafanya tope ipunguke. Krezili inaua tududu tote. Sabuni kidogo, sawa. Majivu, hapana. Mafuta ya kupikia, hapana. Na Krezili, hapana, hapana, hapana! Unasoma vitabu, na haujue kama tumbo haioshwe na sumu?"

Sikuzoea kuambiwa hivyo na fundi. Lakini nilifarijika, nakiri. Kila kitu kilikuwa na sababu: tope lilipanda kwa Krezili, sauti ilikuwa hewa iliyozibwa, tumbaku ilikuwa akili yangu. Télesphore aliondoa tope kwa siku mbili, akalizika katika mtaro kati ya migomba ya juu, mbali na chemchemi. Akaacha ndoo mbili chini kwa makusudi, kwa sababu, alisema, mtu hazimi moto wote anapotaka kuuwasha tena. Akamwaga juu yake maji yaliyolowekwa samadi ya ng'ombe. "Sasa iko inaanza upya. Nitarudia kupima Noeli ikiwa karibu."

Alipokuwa akinawa mikono aliuliza, "Na ule mama wa bustani? Simuone."

Adalbert aliingia ndani. Mimi nikasema, "Amerudi kwao."

"Kwao ni wapi?"

Télesphore akakausha mikono yake polepole, kidole kwa kidole. Nilijua kwamba amejua, na nikangoja kusikia habari hiyo mtaani. Sikuisikia. Mtu aliyeitwa Bwana Mavi alikuwa ameshika ulimi wake mahali ambapo wake za makarani wasingeshika.

Tangu siku hiyo sikumwaga Krezili tena. Maji yalishuka vizuri. Hewa mbaya ikaisha. Jembe halikuisha. Kila saa sita ya mchana, isipokuwa Jumapili, kwa maana Cibalonza Jumapili hakulima ili asitutie haya tukitoka kanisani. Nilizoea kuondoka nyumbani saa hiyo. Nilisimama barabarani na kikapu kitupu, mke wa karani, nikingoja choo changu kinyamaze.

Desemba Télesphore alirudi na mwanzi mfupi, wa kupima miezi. Watu watano kwa miezi mitatu, bila Krezili, tumbo likila vizuri. Alizamisha, akangoja, akatoa. Alifuta kitambaa, akafunga kingine, akapima tena. Mara ya tatu alinipa mimi mwanzi nipime kwa mkono wangu.

Sita.

"Mara ya kwanza nilisema ni Krezili pamoja na uongo," akasema chini chini. "Sasa Krezili hakuna. Na ule mama hayuko. Ni kweli, madame, hayuko?"

"Amekufa," nikasema. "Mwezi wa saba."

"Mulilia?"

"Hapana."

Akakaa juu ya kifuniko. "Jina yake sikuiita," akasema. "Mulinipa tano, nikaita tano. Nikasikia jembe, nikafunika. Hata mimi nilifunika." Akapitisha kiganja juu ya simenti, kama mtu anayempapasa mtoto mgonjwa.

Alitaka tuite jina siku ile ile. Adalbert alikataa. Komisyoni ilikuwa inarudi Alhamisi ya pili ya Januari, na mtaa wote ulikuwa macho. Alimwomba Télesphore jambo jingine: siku hiyo awepo, awaeleze mabwana jinsi fosi ilivyojengwa na kutunzwa, kwa kuwa kulikuwa na nyumba chache za watu weusi zenye fosi kama ile. Na wakiuliza, aseme watano. Télesphore alisema atakuja. Kuhusu la pili hakusema kitu.

Walikuja wale wale, saa tano na nusu. Nilikuwa nimepiga pasi gauni langu la bluu mara mbili. Walikaa, wakanywa chai, wakauliza watoto wanasoma nini. Nilitazama saa ya ukutani kuliko nilivyowatazama wao. Saa sita kasoro dakika tano, bwana mkubwa wao, mwenye miwani, aliomba kwenda chooni. Ningefanya nini? Nilimwonyesha mlango.

Tulisikia mnyororo. Tulisikia maji. Kisha hatukusikia kitu. Kisha, katikati ya sebule yetu yenye vitambaa vya kufuma, tukasikia to. To. To.

Yule bwana alitoka na uso mweupe kuliko wake wa kawaida. Alisema maneno ya Kifaransa kwa padri, na padri akamgeukia Adalbert. "Anauliza nani analima chini ya nyumba."

Adalbert alisema labda ni fundi. Wote wakatoka nje. Télesphore alikuwa amesimama kando ya kifuniko, kofia mkononi, mwanzi begani. Hakuwa akifanya kazi yoyote. Jembe liliendelea chini ya miguu yake, na padri akaangalia miguu hiyo, akafanya ishara ya msalaba, nusu nusu, kama mtu anayeona haya.

"Fosi hii ni ya watu wangapi?" padri akauliza.

"Nilipewa batano, mon père."

"Na wanaotumia?"

Adalbert alimtazama Télesphore kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtoto. Télesphore alizungusha kofia vidoleni. "Muulize mwenye nyumba," akasema. "Mimi niko na mwanzi tu. Mwanzi inasema sita. Siwezi kusema tano tena, mon père. Nilikubali hesabu ya uongo mara mbili katika maisha, nikashika kifuniko."

Hapo wote walinigeukia mimi, kwa sababu Adalbert alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua kwamba nikisema "mzee huyu amechanganyikiwa," wangeniamini. Nilikuwa na gauni la bluu, Kifaransa changu kilikuwa kizuri, na yeye alikuwa Bwana Mavi. Karti ilikuwa karibu kiasi cha kuishika. Nikasikia jembe tena chini, na kati ya pigo na pigo, kikohozi.

"Tulikuwa sita," nikasema, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, ili majirani waliojipanga kwenye ua wasikie. "Wa sita ni Cibalonza, mama ya mume wangu. Mlimwona na jembe. Tuliwaambia ni mfanyakazi. Ni mimi niliyetoa shauri hilo. Amekufa, na hatukumlilia."

Télesphore aliinua kifuniko kwa ndoano yake ya chuma. "Umwite, madame. Haiko mimi nilimuficha."

Nilipiga magoti katika udongo mwekundu na gauni langu. Shimo lilikuwa jeusi, na hewa yake ilikuwa ya joto, kama pumzi. "Cibalonza!" nikaita. "Mama ya Adalbert! Mama mkwe wangu! Wewe ni wa nyumba hii!"

Jina lilirudi. Halikurudi zito kama yale matano. Lilirudi jepesi, na mwishoni mwake palikuwa na kitu kama kicheko. Kisha tukasikia maji yakitoka chumba cha kwanza kwenda cha pili, na kutoka cha pili kwenda kule kwenye kisima kilichopotea, taratibu, kwa muda mrefu kuliko maji yaliyokuwemo. Kisha kimya. Jembe halikupiga tena siku hiyo wala siku nyingine.

Mabwana waliondoka bila kumaliza chai. Barua ilikuja baada ya mwezi, mistari miwili: ombi halikukubaliwa. Adalbert aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaniomba wembe. Nilimnyoa mwenyewe, pale pale kwenye veranda, mbele ya barabara. Watu wa Mumosho walikuja, tukakaa kilio miezi saba baada ya kifo, na jembe halikugusa udongo wetu kwa siku zote za kilio. Wapo majirani waliocheka. Wengine waliona tu mke wa karani akipiga magoti na kuita jina la mfu katika fosi, na kutoka hapo wakatunga lile wanalosema hadi leo. Sasa wanajua.

Télesphore aliendelea kuja kila mwaka, hata baada ya uhuru, hata nyakati ambapo kuvuka mji ilikuwa hatari. Aliteremsha taa, akapima, akaita majina. Watoto wote walipokuwa bado nyumbani ilikuwa sita, siku zote sita, akaniambia hiyo ndiyo hesabu ya nyumba, tusiogope. Watoto walipoolewa na kuoa, hesabu ya mwanzi ilipungua nao. Adalbert alipokufa, Télesphore alinyoa kichwa pamoja na wanangu. Yeye alikufa kitandani kwake, Cimpunda, watu wakiwa wamemzunguka. Nilihakikisha hilo. Na kabla ya jeneza kufungwa nilihesabu vichwa vya wanawe, nikaita kila jina kwa sauti, na watu wakanitazama kama walivyokuwa wakimtazama yeye.

Mwanzi wake niliuomba kwa wanawe, wakanipa. Mwaka uliopita nilipima mwenyewe. Naishi peke yangu sasa katika nyumba hii, na sina mfanyakazi. Niliteremsha taa, mwali ukainama upande wa nyumba. Nilizamisha kitambaa cheupe, nikangoja, nikatoa.

Weusi ulifika alama ya pili.

Sikumwaga Krezili. Niliita majina yote, yetu sote, nikafunika, nikanawa mikono, kidole kwa kidole. Kisha nikarudi jikoni, nikachukua kile kibuyu cha zamani, nikakiinamisha juu ya kibao karibu na kikombe changu.